Mwenye vinanda asilipie sauti mara mbili

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2016 wanunuzi wa Sonar Platinum, programu ya kompyuta ya kupangia muziki iliyokuwa ikitengenezwa na Cakewalk ya Marekani, walipewa ofa nono: nunua sasa, maboresho yote yajayo utayapata bure maisha yako yote. Novemba 2017 kampuni ya Gibson, iliyokuwa ikiimiliki Cakewalk, ilitangaza kusimamisha utengenezaji wa bidhaa hiyo. "Maisha" hayo hayakufika miaka miwili.

Mwaka 2018 mali hiyo ilinunuliwa na BandLab, na programu ikaanza kutolewa bure. Mwaka 2023 likaja tangazo jingine: jina la Sonar litarudi, na toleo lile la bure litaachwa. Hivyo katika muda wa miaka saba bidhaa moja iliuzwa, ikafa, ikafufuka bila malipo, kisha ikapangiwa mabadiliko mengine.

Kwa mwenye studio ndogo, kwaya au kikundi cha taarab ambaye mtaji wake umelala kwenye vinanda vya umeme, hiyo ni habari ya fedha kabla ya kuwa habari ya muziki. Anayetafuta programu nyepesi ya kupangia nyimbo ana maswali mawili ya msingi. Je, itafanya kazi na vinanda alivyonavyo? Na siku ikifungwa, atazipataje kazi zake?

Unaajiri karani

Programu hizi hutumia MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo vya muziki vya umeme. Ilionyeshwa hadharani Januari 1983 katika maonyesho ya NAMM nchini Marekani, pale vinanda vya kampuni mbili shindani, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, vilipounganishwa vikaelewana.

Kinachopita katika waya wa MIDI si sauti, ni maagizo: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani na imeachiwa lini. Programu huyaandika maagizo hayo kama karani, humwezesha mpigaji kusahihisha alipokosea, kisha huyarudisha kwenye kinanda. Sauti hutolewa na kinanda chenyewe.

Hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Sehemu kubwa ya bei ya programu kubwa ni ghala la sauti lililomo ndani yake: ngoma, fidla, tarumbeta na vinanda vya ndani ya kompyuta. Mwenye kinanda cha kweli alishazilipia sauti siku aliyokinunua. Akichukua toleo kubwa analipa mara ya pili, na huenda akalazimika kutafuta kompyuta yenye nguvu zaidi ili ghala hilo lifunguke.

Kazi ya karani yenyewe ni nyepesi. Waya wa kawaida wa MIDI hupitisha biti 31,250 tu kwa sekunde. Atari ST, kompyuta iliyoingia sokoni mwaka 1985 ikiwa na matundu yake ya MIDI, iliendesha studio nyingi kwa miaka mingi. Kompyuta iliyotumika, ambayo leo haifai kwa kazi nzito, kwa kazi hii inaweza kutosha.

Aidha, wapo wasiohitaji kununua chochote. Vinanda vingi, kuanzia vile vya zama za Korg M1 ya mwaka 1988, vina mpangilio wa nyimbo ndani yake. Soma kwanza kitabu cha kinanda chako.

Bei na masharti

Miongoni mwa programu za gharama ndogo, Reaper ya kampuni ya Cockos imejipatia nafasi. Leseni yake ya punguzo ni dola 60 za Marekani, kwa mtu binafsi au kwa biashara ambayo mapato yake ghafi hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Anayevuka kiwango hicho hulipa dola 225. Mteja hupewa siku 60 za kujaribu kabla ya kulipa.

Anayetumia Linux anaweza kuchukua Rosegarden bila malipo. Programu hiyo ilijengwa hasa kwa ajili ya kupanga MIDI na kuandika noti.

Wenye kompyuta za Mac hupata GarageBand bila malipo, lakini hapa ipo tahadhari. Programu hiyo hupokea maagizo kutoka kwenye kinanda, ila haikutengenezwa kuyatuma nje yakapigwe na kinanda hicho hicho. Kwa mwenye vinanda vya kweli, bure hiyo haimsaidii. Ndugu yake mkubwa, Logic Pro, hutuma nje bila shida, lakini ni ya kulipia na inafanya kazi kwenye bidhaa za Apple pekee.

Gharama zilizojificha

Bei ya programu si bei ya kazi nzima. Kinanda chenye tundu la USB mara nyingi huhitaji kebo tu. Kile cha zamani chenye tundu la duara la pini tano huhitaji kifaa cha kuunganisha MIDI na USB. Baadhi ya vifaa vya bei ya chini hupitisha noti vizuri lakini hukwama pale kinanda kinapotuma ujumbe mrefu, kama ule wa kuhifadhi sauti zake zote. Mwenye kinanda cha zamani akijaribu hilo kabla ya kulipa.

Ikumbukwe pia kwamba njia moja ya MIDI ina chaneli 16. Zinatosha kwa vinanda viwili au vitatu. Hata hivyo, mwisho wa yote sauti ya vinanda hivyo lazima irekodiwe, na hapo huhitajika kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta. Kiweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Jaribu kabla ya kulipa

Siku za majaribio zisiishie kuangalia rangi za programu. Rekodi sehemu fupi, kisha iagize programu iirudishe kwenye kinanda. Ikiwa kila noti inalia mara mbili, zima kipengele kiitwacho Local kwenye kinanda. Panga sehemu mbili kwa chaneli mbili, ili kila kinanda kipige yake. Agiza kinanda kibadilishe sauti katikati ya wimbo. Acha wimbo uzunguke kwa dakika kumi, huku ngoma ya kinanda ikifuata mwendo wa kompyuta, uone kama vinaachana. Programu ikishindwa hapo, mapambo yake mengine hayana thamani kwako.

Mlango wa kutokea

Jaribio la mwisho ndilo lenye fedha zaidi: hifadhi wimbo katika faili la kawaida la MIDI, lenye alama ya .mid, kisha ulifungue kwa programu nyingine. Noti, mwendo na chaneli vikitoka salama, kazi yako haijafungwa katika kampuni moja.

Faili hilo halibebi sauti, hubeba maagizo tu. Orodha ya sauti 128 ya General MIDI, iliyokubaliwa mwaka 1991, husaidia vinanda kufanana, lakini sauti uliyoichonga mwenyewe haimo. Andika daftarini jina la kinanda na namba ya sauti kwa kila wimbo, na uhifadhi nakala nje ya kompyuta.

Tahadhari hii si ya Cakewalk pekee. Apple ilipoinunua Emagic mwaka 2002, programu ya Logic iliondolewa kwenye Windows, na waliokuwa wakiitumia huko wakabaki kuchagua kati ya kubadili kompyuta na kubadili programu. Aliyekuwa na mafaili yake ya .mid alihama na nyimbo zake.

Kwa hiyo, mwenye vinanda na anunue programu ndogo inayotuma nje bila kukosea na inayotoa faili la kawaida. Fedha itakayobaki ina kazi nyingi za kufanya: kebo nzuri, kifaa cha kurekodia, na fundi wa kukarabati kinanda ambacho ndicho kinachoingiza mapato.