Mshipa, ngiri na busha: tusiyachanganye

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, neno "mshipa" limebebeshwa mzigo mzito. Pita Kibokoni au Ndia Kuu, uulize mzee fulani augua nini, nawe utajibiwa kwa sauti ya chini, "Ana mshipa." Jibu hilo huweza kuwa ngiri au busha, na hapo ndipo penye hatari.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si tabibu. Hata hivyo, nashikilia kwamba tofauti ya maneno haya ni jambo la uhai. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani, na huku pwani huweza kuletwa na minyoo ya matende ienezwayo na mbu. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni yaliyopenya palipolegea misuli. Atoboaye uvimbe akidhani atoa maji ya busha, kumbe ni ngiri, huenda akatoboa utumbo.

Ngiri ya mtu mzima haiponi kwa mizizi wala kwa mkanda. Dawa yake ni upasuaji. Njia kuu ni tatu. Ya kwanza, aliyoieleza Mwitalia Edoardo Bassini katika miaka ya 1880, ni kushona misuli kwa uzi. Ya pili, iliyoenezwa na Irving Lichtenstein wa Marekani katika miaka ya 1980, ni kutia wavu pasipo kuivuta misuli, hivyo ngiri hairudi kwa urahisi. Nayo yawezekana kwa ganzi ya mahali pamoja tu. Ya tatu hupitia matundu madogo kwa kamera. Maumivu hupungua, ila huhitaji usingizi kamili na vifaa ghali.

Wavu nao una bei. Lakini utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu wanaume 302, ulilinganisha wavu wa kiwandani na kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kwa mvuke hospitalini. Baada ya mwaka mmoja, haikuonekana tofauti ya maana. Hospitali zetu za umma zalipaswa kulipima jambo hili.

Kinachosalia ni aibu, na hiyo ni kazi yetu walimu. Mwanafunzi aliyefunzwa maneno haya matatu, kila moja mahali pake, atamweleza daktari bila kuinamisha uso. Na uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi ndani, na kutapika kukaanza, asingoje kesho. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.