Fahamu: Lyman Spitzer, kutoka gesi ya galaksi hadi nishati ya muunganiko wa nyuklia
Mwaka 1951 Lyman Spitzer, mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alieleza pamoja na Walter Baade kwamba galaksi zinapogongana nyota zake hupishana salama, ilhali gesi, malighafi ya nyota mpya, hufagiliwa nje. Mwaka huohuo alibuni stelareta, bomba lililopindwa mfano wa tarakimu 8 ambamo sumaku huzuia plazima, yaani gesi yenye joto kali hata elektroni hutengana na viini vya atomu, isiguse kuta, ili viini hivyo viungane na kutoa nishati. Kuhama huko kutoka utafiti wa galaksi hadi muunganiko wa nyuklia hakukuwa kukubwa kama kunavyodhaniwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya gesi ya angani nayo ni plazima. Wazo lake la stelareta halikuishia hapo: stelareta ya Wendelstein 7-X ilianza kazi Greifswald, Ujerumani, mwaka 2015.