Spika ya kompyuta: soma kibandiko, usisome boksi

Ndugu msikilizaji, ukipita leo katika maduka ya vifaa vya umeme, iwe Kariakoo, Mwanza au Bukoba, utakuta spika za kompyuta zimepangwa hadi darini. Maboksi yake yamechorwa miali ya moto na tarakimu nene: wati 1000, wati 3000, nyingine zimefika wati 10,000. Spika yenyewe unaibeba kwapani. Bei nayo hupanda kwa kufuata tarakimu hizo. Mazungumzo yetu ya wiki hii yanahusu namna mwananchi anavyoweza kuchagua spika ya kompyuta yake ya mezani bila kuuziwa maneno.

Ikumbukwe kuwa kompyuta haikuzaliwa na sauti. Kompyuta ya kampuni ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na kispika kidogo ndani cha kulia "pii" pale mambo yalipoharibika. Hapa kwetu, tangu mwaka 1974 kuingiza kompyuta nchini kulikuwa kumepigwa marufuku, ila kwa kibali maalumu. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa kadi ya sauti iliyoitwa Sound Blaster, na tangu hapo kompyuta za mezani zikaanza kusema na kuimba kama redio. Lakini hata leo kompyuta nyingi za mezani huuzwa bila spika, au zina kispika hafifu kisichofaa zaidi ya mlio wa tahadhari. Spika mnunuzi hujinunulia mwenyewe, na hapo ndipo anapokutana na boksi lenye miali ya moto.

Chukua mfano wa mwalimu wa sekondari kule Kihanga, wilayani Karagwe. Shule imepata kompyuta moja ya mezani, na wazazi wamechanga baada ya mauzo ya kahawa ili ipatikane spika ya kufundishia. Mwalimu anataka wanafunzi 50 wasikie masomo yaliyorekodiwa, hasa matamshi ya Kiingereza. Anafunga safari hadi Bukoba. Muuzaji anamkaribisha vizuri: "Shikamoo mwalimu. Chukua sabufa hii, wati 3000. Ukiifungulia hapa, mpaka Kayanga wanakusikia!" Anaweka muziki wa besi, vioo vya kabati vinatetemeka, na fedha ya wazazi inabadilisha mikono.

Jumatatu asubuhi darasani besi inanguruma kama lori linalopanda mlima, lakini maneno hayasikiki. Wanafunzi wa nyuma wanatazamana. Kurudi Bukoba ni nauli na siku nzima ya kazi, na risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Mtu wa mjini akikosea anavuka barabara na kubadilisha. Wa Kihanga akikosea, amekosea mwaka mzima, hadi kahawa nyingine.

Je, mwalimu angewezaje kujiepusha? Kwanza, angejua wati ni nini.

Ndugu msikilizaji, wati ni kipimo cha nguvu. Pasi ya umeme hutumia takriban wati 1000. Soketi ya ukutani majumbani mwetu imetengenezwa kwa ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha 13 kwa 230, unapata wati 2990. Hiyo ndiyo nguvu yote inayoweza kupita salama katika plagi moja. Sasa spika ya wati 10,000 inazitoa wapi, nayo imechomekwa katika soketi hiyohiyo?

Jibu ni kwamba hazipo. Tazama vizuri pembeni ya tarakimu ile utaona herufi nne: PMPO. Herufi hizo zinadai kueleza nguvu ya juu kabisa ambayo spika inaweza kuigusa kwa kufumba na kufumbua, bila kujali kama sauti hiyo inasikilizika au ni makelele matupu. Hakuna kipimo cha PMPO kilichokubaliwa duniani, kwa hiyo kila kiwanda hujipigia hesabu kinavyopenda. Kipimo cha kuulizia ni kile chenye herufi RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Mkulima anaweza kujisifu kwamba aliwahi kuinua gunia mbili za kahawa zikaachana na ardhi kwa sekunde moja. Hiyo ni PMPO. Mzigo anaoweza kuubeba kutoka shambani hadi nyumbani bila kuutua, huo ndio RMS.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Marekani, mwaka 1974, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliweka kanuni ya kuwataka wauzaji wa amplifaya za nyumbani kutaja nguvu halisi inayotolewa mfululizo, kwa sababu matangazo ya wakati ule yalikuwa yamejaa tarakimu za kupika.

Na kama boksi halikuandikwa RMS? Geuza spika uangalie mgongoni, au shika adapta yake. Kuna kibandiko kidogo ambacho wanunuzi wengi hawakisomi. Kama kimeandikwa kuwa adapta inatoa volti 12 na ampea 2, zidisha: 12 mara 2 ni wati 24. Spika haiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia, kama vile ndoo ya lita 10 haiwezi kumwaga lita 20. Na kwa kuwa sehemu ya nguvu hiyo hupotea njiani kama joto, sauti yenyewe itapata pungufu ya hizo 24. Spika zinazopata umeme kutoka tundu la USB la kompyuta nazo zina mpaka wake. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5 basi. Boksi likidai wati 100, wewe tabasamu, ulirudishe kwenye rafu.

Hapa pana jambo litakalowashangaza wengi. Hizo wati 2.5 si kitu cha kudharau. Sikio halihesabu wati kama tunavyohesabu shilingi. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kidogo. Ili msikilizaji aone kuwa sauti imekuwa kubwa maradufu, zinahitajika takriban mara kumi ya wati. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yake, spika zikiwa umbali wa mkono mmoja, anatosheka na wati mbili tatu za kweli. Kwa sebule ya kawaida, wati 10 hadi 20 za RMS zinatosha. Kwa darasa la mwalimu wetu, 20 hadi 40. Zaidi ya hapo ni ukumbi wa harusi, na hiyo ni kazi ya mitambo mingine.

Jambo la pili ni aina ya sauti. Kila aliyepiga ngoma anajua kwamba ngoma kubwa hutoa sauti nzito na ngoma ndogo hutoa sauti nyembamba. Spika ni hivyohivyo. Sabufa ina koni kubwa kwa ajili ya besi, na spika ndogo za pembeni ndizo zinazobeba sauti za juu. Maneno ya binadamu hayakai kwenye besi. Irabu zina uzito kidogo, lakini kinachotofautisha "fika" na "shika", au "suka", "shuka" na "fuka", ni mtetemo wa juu, maelfu kwa kila sekunde. Simu ya kawaida hukata sehemu ya mitetemo hiyo, ndiyo maana tukitaja jina kwenye simu hulazimika kueleza: "S ya Sara, siyo F ya Fatuma." Sabufa yenye spika za pembeni hafifu humfanyia mwanafunzi hayo hayo, tena katika lugha asiyoizoea, ambayo hawezi kuikisia kama anavyokisia Kiswahili.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, jiulize kwanza unataka kusikia nini. Kama ni masomo, habari, mahubiri au mazungumzo na ndugu aliye mbali, nunua spika mbili za kawaida zenye sauti safi. Besi si lazima. Kama ni muziki na filamu sebuleni, sabufa na spika zake mbili inafaa, ila chagua ile yenye kitasa cha besi peke yake ili uweze kuipunguza. Zile seti za spika tano na sabufa, kwa kompyuta ya mezani nyumbani ni waya nyingi kwa faida kidogo. Za Bluetooth hupunguza waya, lakini hakikisha kwanza kompyuta yako inazo njia za kuungana nazo, kwani nyingi za zamani hazina. Pia katika filamu midomo ya waigizaji inaweza kutangulia maneno. Pini ndogo ya milimita 3.5, ile inayoingia kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta, haijawahi kumchelewesha mtu.

Dukani usikubali kuchaguliwa cha kusikiliza. Muziki wa besi huficha maradhi ya spika kama viungo vinavyoficha nyama iliyochacha. Nenda na simu au flashi yenye taarifa ya habari iliyorekodiwa, kisha fanya yafuatayo. Punguza sauti hadi chini kabisa usikie kama maneno bado yanaeleweka. Pandisha hadi robo tatu usikie kama yanakwaruza. Rudi nyuma hatua sita, kama mwanafunzi wa nyuma. Halafu zima sauti ya habari, acha spika ikiwaka, usogeze sikio: isiwe na mvumo wa nyuki. Mwisho zungusha kitasa polepole. Kikipiga kelele kikiwa kipya, baada ya miezi sita hakitashikika. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakasirika.

Ukishafika nyumbani, spika inakutana na maadui wengine. Ukanda wetu wa Maziwa Makuu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Wingu likitanda, chomoa spika na kompyuta ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo nao huunguza adapta, basi chomeka vyombo hivi kwenye kifaa cha kuhimili mabadiliko ya umeme. Vumbi la barabarani liepushwe kwa kitambaa spika isipotumika. Na mvua ikinyesha juu ya bati, hakuna spika ya dukani itakayoshinda nayo. Wakati huo mwanafunzi mmoja mmoja avae hedifoni, au somo lisubiri.

Aidha, tusisahau masikio na majirani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa nne tu kwa wiki. Sikio lililoharibika kwa kelele halishonwi. Nchini mwetu zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira, na kijana anayefungulia sabufa dirishani usiku wa manane asidhani kuwa ukuta wa nyumba yake ndio mpaka wa sheria.

Tumalizie na wafanyabiashara. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Boksi limechapwa ng'ambo, hilo linafahamika. Lakini anayesimama mbele ya mwalimu na kusema "hii ni wati 3000" ni Mtanzania mwenzake, na kibandiko cha wati 24 anakijua. Akimwambia ukweli hapotezi biashara. Mwalimu wa Kihanga aliyepata spika ya kweli ndiye atakayemwelekeza mkuu wa shule ya jirani, na katekista, na mwenye duka la kuchapa barua, waende kwa muuzaji huyohuyo.

Kwa upande wetu wanunuzi, wahenga walikwishatuonya kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Safari ijayo ukishika boksi lenye miali ya moto, ligeuze, tafuta herufi RMS, soma kibandiko, zidisha volti kwa ampea, kisha sikiliza habari wala si ngoma. Hesabu hiyo haimalizi dakika mbili, na mchango wa wazazi wa Kihanga unastahili dakika hizo.

Kwa leo tuishie hapo, ndugu msikilizaji. Hadi wiki ijayo.