Elfu kumi za bonasi na kumbukumbu za kuogelea

Bonasi ya majani chai ikiingia mwezi wa kumi, kila boma Kericho na Bomet huwa na orodha yake: karo, mabati, deni la duka, pengine ndama. Baadhi yetu tuna mstari mmoja chini kabisa wa kumbukumbu za michezo. Kwa kawaida mstari huo huenda kwa riadha, na ni haki yake. Wilson Kiprugut Chumo, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, kisha fedha Mexico mwaka 1968, alikuwa mtu wa Kericho. Huku kwetu namba ya kifuani ya mkimbiaji haiuzwi ovyo, na anayeiuza huenda anajua thamani yake kukushinda.

Kuogelea ni habari nyingine. Mabwawa ni machache, maji ni baridi kwenye nyanda hizi za mita karibu elfu mbili juu ya usawa wa bahari, na vitu vya mchezo huo havina mtu wa kukupandishia bei. Kwa mkusanyaji asiye na fedha nyingi hiyo ni nafasi ya kweli, mradi ajue cha kununua na cha kuacha. Nitatumia shilingi elfu kumi kuwa kipimo, kwa kuwa ni kiasi ambacho mkulima wa ekari moja mbili anaweza kukitenga bila kugusa karo.

Tuanze na njia inayowavutia wengi, yaani kuagiza mtandaoni kutoka Marekani au Uingereza. Tuseme umeona kitu cha dola 40, na usafirishaji ni dola 25. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola hiyo ni 8,450, na unaona bado unabakiwa na chenji. Sasa ongeza ushuru wa forodha wa asilimia 25, ambao ndio hutozwa bidhaa nyingi zilizokwisha kutengenezwa: shilingi 2,112. Ongeza ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na tozo ya reli, asilimia 2: zote pamoja 380. Halafu VAT ya asilimia 16, ambayo haihesabiwi kwa bei uliyolipa peke yake, huhesabiwa kwa bei pamoja na ushuru: 1,690. Jumla inafika shilingi 12,600 na ushee, kabla kampuni ya usafirishaji haijadai malipo yake ya kushughulikia mzigo. Kikiwa ni vazi, mambo ni mabaya zaidi, maana nguo zimewekwa kwenye ushuru wa asilimia 35 wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kitu kile kile kitakugharimu zaidi ya 13,600. Kwa hiyo mwenye elfu kumi anayeagiza nje anapaswa kutafuta kitu ambacho bei yake na usafiri havizidi dola 50. Hapo kilichobaki ni beji, pini na kofia zilizochapwa kwa maelfu, vitu ambavyo kila mwenye duka la zawadi alikuwa navyo.

Kuna wanaoota medali. Mwaka 2022 mwogeleaji Mmarekani Ryan Lochte aliuza medali zake 6 za Olimpiki, za fedha na za shaba, kupitia mnada wa Boston, fedha zikaenda kwa hisani, na zilipita dola 100,000. Mwaka 2025 mzamiaji Greg Louganis aliuza zake 3 kwa zaidi ya dola 400,000. Bei hizo hazitokani na madini. Medali ya dhahabu ya Paris 2024 ilikuwa na uzito wa gramu 529, lakini karibu yote ni fedha iliyopakwa gramu 6 tu za dhahabu, pamoja na kipande cha chuma cha mnara wa Eiffel chenye gramu 18. Anayelipa analipia jina na siku. Ukiona medali ya Olimpiki inauzwa kwa elfu kumi, hiyo ni nakala, na nakala haina haja ya kusafiri kutoka ng'ambo.

Saini nazo ziko kwenye fungu hilo hilo la hatari. Picha yenye saini ya Michael Phelps ni rahisi kughushi, na cheti cha uhalisi kilichochapwa na muuzaji mwenyewe hakithibitishi lolote. Mimi singetoa hata elfu moja kwa saini ambayo muuzaji hawezi kueleza ilitiwa wapi na lini.

Fedha zako zina nguvu zaidi kwenye kuogelea kwa Kenya yenyewe, na hapo jina la kwanza ni Jason Dunford. Tarehe 14 Agosti 2008, kwenye mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo mjini Beijing, Mkenya huyu aligusa ukuta kwa sekunde 51.14 na kuweka rekodi ya Olimpiki. Rekodi hiyo ilidumu dakika chache tu, kwani kwenye kundi lililofuata Mserbia Milorad Čavić aliogelea kwa 50.76. Fainali ile dunia nzima inaikumbuka kwa sababu Phelps alimpita Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Ni wachache wanaokumbuka kuwa aliyemaliza wa tano alikuwa kijana wa Nairobi. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi, Dunford alitwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo, na mwaka 2012 akaibeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London. Baadaye akaingia kwenye muziki kwa jina la Samaki Mkuu.

Fikiria mkimbiaji wetu angekuwa na historia kama hiyo. Gazeti la Agosti 2008 lenye picha yake lingekuwa limewekwa kwenye fremu katika kila mkahawa wa Litein na Sotik. La Dunford hufungiwa nyama. Kwa hiyo magazeti ya Kenya ya wiki ile ya Beijing, na ya Oktoba 2010 wakati wa Delhi, ndiyo ununuzi ninaoupendekeza kwanza. Mwenye rundo la magazeti ya zamani atakuuzia kwa kilo au kwa shilingi chache kila moja. Chukua gazeti zima, usikate ukurasa. Tarehe iliyo juu, matangazo na bei ya siku ile ni sehemu ya ushahidi, na karatasi iliyokatwa hupoteza vyote hivyo.

Baada ya magazeti ni stempu. Kenya ilitoa mfululizo wa stempu kwa ajili ya Michezo ya Nne ya Afrika iliyofanyika Nairobi mwaka 1987, na kuogelea kumo. Michezo ile ndiyo iliyotuachia bwawa la Kasarani, kwa hiyo stempu moja ndogo inabeba habari ya jengo zima. Kabla ya hapo, posta ya pamoja ya Afrika Mashariki ilitoa stempu zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa Olimpiki ya Mexico 1968 na ya Munich 1972. Hizi hazihusu kuogelea peke yake, ila zinaupa mkusanyo wako mgongo. Nyingi ni za bei ya chini, shilingi makumi hadi mamia machache, na hata zikitoka nje zinaingia kwenye bahasha ya barua. Itazame kila moja kwa lenzi: meno ya pembeni yawe kamili, gundi ya nyuma isiwe na alama ya kubandikwa kwenye albamu, na muhuri wa posta, kama upo, usomeke mji na tarehe.

Stempu zinakumbusha jambo la tahadhari. Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal 1976 na ya Moscow 1980. Anayekuletea fulana au pini na kuapa kwamba ilivaliwa na Mkenya dimbani kwenye mojawapo ya michezo hiyo, muage kwa heshima. Tarehe nyingine ya kukusaidia ni ya jina. Shirikisho la kimataifa la kuogelea lilianzishwa London mwaka 1908 na likaitwa FINA hadi mwisho wa 2022, lilipoamua kujiita World Aquatics. Kofia yenye nembo mpya haiwezi kuwa ya Beijing, hata muuzaji aseme nini.

Sasa mitumba. Wanaokwenda sokoni Kericho au Bomet siku ya kufungua robota wanajua kwamba ndani ya nguo za ndani na soksi hujitokeza mavazi ya kuogelea ya vilabu vya Uingereza na Marekani, na kofia za silikoni zenye majina ya mashindano ya shule. Nilipoinua kofia moja ya bluu kuigeuza ndani nje, muuzaji aliniambia, "Bosi, hiyo chukua na hamsini, hapa hakuna mtu wa kuogelea." Hamsini kwa kitu chenye jina la klabu na mwaka ni bei ya chai na mandazi mawili. Kitu cha kuomba bahati ni vazi la mbio la enzi ya 2008 na 2009, yale ya kampuni ya Speedo yaliyoitwa LZR Racer na ndugu zake, yanayong'aa kama ngozi ya samaki na kubana mwili mzima. Yalivunja rekodi nyingi mno. Kwenye ubingwa wa dunia wa Roma 2009 peke yake zilivunjwa rekodi 43, na kuanzia Januari 2010 yakapigwa marufuku. Yakionekana kwenye robota, yataonekana kama takataka. Vuta kitambaa kidogo kwa vidole viwili: kikirudi polepole au kikitoa mlio wa kupasuka, klorini imeshakula nyuzi za mpira na hakifai kulipiwa zaidi ya shilingi mia.

Kuna hazina nyingine iliyo karibu zaidi, na hii ndiyo inayonigusa. Mashamba makubwa ya chai yalikuwa na vilabu vyake vya michezo, na Tea Hotel ya Kericho, iliyojengwa na kampuni ya chai ya Brooke Bond miaka ya 1950, ilikuwa na bwawa lake. Brooke Bond ikawa Unilever, mashamba ya Finlays yakauzwa mwaka 2023 kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Kampuni inapobadilisha mmiliki, makabati ya karatasi huwa ya kwanza kusafishwa. Picha za mashindano ya familia za wafanyakazi, ratiba zilizochapwa kwa taipureta, vikombe vidogo vya bati, hivyo vyote viko kwenye nyumba za waliostaafu, au viko njiani kwenda jalalani. Havina bei ya soko. Bei yake ni nauli ya matatu hadi Kapkatet au Chepsir, kilo mbili za sukari kwa mwenyeji, na saa nzima ya kumsikiliza mzee. Akikubali upige picha ya picha yake, usimsumbue akuuzie.

Tukirudi kwenye elfu kumi, sehemu kubwa zaidi ningeitoa kwa jambo ambalo wengi hulisahau hadi wamechelewa: unyevu. Kericho mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mvua ya mawe inayopiga chai hupiga pia mabati yako. Karatasi hunyonya maji hewani, ukungu mweusi huota kwenye kona za picha, na stempu zenye gundi hushikana zikawa kipande kimoja. Hata mabingwa hawakuepuka. Miezi michache baada ya Paris, waogeleaji wa Ufaransa Clément Secchi na Yohann Ndoye-Brouard walionyesha medali zao za shaba zilizobabuka kama ngozi ya mamba, na kiwanda cha sarafu cha Paris kikaahidi kuzibadilisha. Kama shaba ya Olimpiki inaharibika namna hiyo, kofia ya mpira uliyonunua sokoni haitavumilia dari ya jikoni la kuni.

Nunua sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana, shilingi 600 hadi 1,000, na vijipakiti vya kunyonya unyevu. Vile vinavyotoka kwenye masanduku ya viatu vinafaa ukivianika juani kwanza. Nunua albamu yenye kurasa zisizo na harufu kali ya plastiki, takribani 1,500, kwa sababu plastiki laini yenye harufu huyeyusha wino na kuchubua stempu. Fremu ya kioo kwa fundi haizidi elfu moja kwa ukubwa wa karatasi ya kawaida, lakini mwambie aache nafasi kati ya kioo na picha, la sivyo vitagandana. Kofia za mpira zipake poda ya mtoto kabla ya kuziweka. Za silikoni hazihitaji. Nguo zioshe kwa maji safi, zikauke kivulini, usipige pasi. Medali na vikombe usivisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arisha, kwa kuwa rangi ile ya uzee ndiyo mnunuzi wa kesho atakayoitafuta. Sanduku likae kwenye chumba cha kulala, mbali na ukuta wa nje na mbali na moshi.

Kwa hesabu yangu, basi: elfu tatu na nusu kwa sanduku, albamu na fremu; elfu mbili kwa stempu; elfu moja kwa magazeti; elfu moja na nusu kwa mitumba, ukienda mara kadhaa bila haraka; na zinazobaki, elfu mbili, ziwe nauli na sukari za kuwatembelea waliostaafu. Beba penseli laini, siyo kalamu ya wino, maana wino huchomoza upande wa pili. Mwombe mwenyeji aandike mwenyewe nyuma ya picha: nani yuko kwenye maji, bwawa gani, mwaka gani, na nani alikuwa ameshika saa.