Gitaa linalopita ndani ya kompyuta: tusimlaumu mpigaji kabla ya kuchunguza njia ya sauti



Makanisa yetu mengi ya Mashariki hayana tena kikuza sauti cha gitaa. Hapa kiliunguzwa na umeme unaopanda na kushuka, pale kiliachwa siku watu walipokimbia vita. Ndiyo maana vijana wa kwaya wanaingiza gitaa katika kompyuta. Programu ya muziki inafanya kazi ya kikuza sauti, kisha sauti inakwenda kwenye mikseri na spika za kanisa. Njia hiyo ni nzuri. Lakini katika kanisa moja tunalolitumikia, ilikaribia kutupotezea kijana.

Kila Jumapili gitaa lake lilibaki nyuma ya ngoma. Wazee walimwambia kwamba hafanyi mazoezi. Wengine walisema moyo wake umepoa. Akakaa majuma matatu bila kuja ibadani. Tulipoketi naye mbele ya ile kompyuta, tuliona kwamba vidole vyake havina kosa. Kosa lilikuwa katika njia ya sauti.

Uzi wa gitaa ukitikisika, sumaku zilizo chini yake hutoa umeme kidogo. Kadi ya sauti huupima umeme huo, kwa kawaida mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na kuugeuza kuwa namba. Kompyuta haipokei kipimo kimoja kimoja. Inafanya kama mama anayeteka maji: anangoja ndoo ijae ndipo aibebe. Ndoo ya vipimo 1,024 hujaa kwa milisekunde 21 hivi, na sauti hungoja mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Jumla ni zaidi ya milisekunde 40. Katika muda huo sauti hewani husafiri karibu mita 14. Basi kijana wetu alikuwa kama mtu anayepiga gitaa huku spika yake iko nje ya mlango wa kanisa. Ndoo ya vipimo 128 haifikishi milisekunde 3 kila upande, na hapo mpigaji karibu hasikii tofauti.

Haya ndiyo tuliyoyafanya naye:

1. Tulichomeka gitaa katika kadi ya sauti ya nje, kwenye tundu la vyombo lenye alama ya INST au Hi-Z. Tundu la mikro la kompyuta halifai, kwa maana linadhoofisha umeme wa gitaa na sauti inakuwa nzito, kama imefunikwa blanketi.

2. Katika mipangilio ya programu tulichagua ASIO ya kadi ile. Hiyo ndiyo njia ya mkato kati ya programu na kadi kwa wanaotumia Windows.

3. Tulipunguza ndoo: kwanza 256, kisha 128. Sauti ikianza kukwaruza au kukatika, kompyuta imeshindwa. Rudi hatua moja. Funga programu nyingine zote na uzime intaneti.

4. Tulifungua mstari mmoja, tukachagua tundu la gitaa, tukawasha usikilizaji wa moja kwa moja katika programu, kisha tukaweka kikuza sauti cha ndani ya programu. Kama kadi yenyewe nayo inapeleka gitaa kwenye spika, zima njia hiyo. La sivyo mtasikia magitaa mawili, moja kavu na moja lililopambwa.

5. Tulimwomba apige kwa nguvu zake zote, tukarekebisha kadi hadi kilele kikafika karibu na desibeli -12. Taa nyekundu isiwake kamwe.

6. Kulikuwa na mngurumo. Tulipochomoa chaja ukakoma, basi tukajua kwamba shida ni umeme usio na waya wa ardhini. Siku hiyo tulimaliza kwa betri; baadaye fundi akarekebisha.

Fanyeni kazi hii Jumamosi, wala si dakika kumi kabla ya ibada.

Kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Programu nyingi zinazozunguka katika vijiti vya USB ni za wizi. Tutafundishaje amri ya kutokuiba, huku sifa zenyewe zinapita katika kitu kilichoibwa? Reaper inaruhusu kujaribu kwa siku 60, na leseni yake ya bei ndogo ni dola 60. Ardour ni programu huria, na wanaotumia Linux wana Guitarix bila malipo. Sadaka ya mwezi mmoja ya kwaya yaweza kutosha.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anatumia mfano wa filimbi, kinubi na tarumbeta: chombo kisipotoa sauti inayoeleweka, anayesikia hapati faida. Alikuwa akisema juu ya kujengana kanisani. Nasi tulihukumu sauti iliyochelewa bila kuuliza imepitia wapi, na neno letu halikumjenga mtu.

Wazee wawili walikwenda nyumbani kwa kijana wakamwomba msamaha. Jumapili iliyofuata alipiga pamoja na ngoma, na sasa anafundisha wengine wawili. Wachungaji wenzetu, mkisikia gitaa limechelewa, ketini kwanza na mpigaji mbele ya kompyuta. Huenda yeye amewahi mapema kuliko sisi sote.

Bwana awabariki.