Je, Wajua? Hoja Halali Inaweza Kukufikisha Kwenye Uongo

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka

Mito huingia, hakuna unaotoka. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Sasa sikiliza: “Kila ziwa kubwa la Tanzania lina mto unaotoka. Rukwa ni ziwa kubwa la Tanzania. Basi Rukwa lina mto unaotoka.” Hitimisho ni uongo mtupu, lakini hoja ni halali kimantiki! Uhalali hauulizi kama kauli za mwanzo ni za kweli. Unauliza hivi: zingekuwa za kweli, hitimisho lingeweza kuponyoka? Hapa lisingeweza. Kosa limo kwenye kauli ya kwanza: aliyeitoa aliona Tanganyika likitoa mto Lukuga, Nyasa likitoa Shire na Victoria likitoa Nile, akalisahau ziwa lililo chini ya mteremko wa Ufipa, nyanda za juu za kusini magharibi mwa Tanzania.

Kweli tatu, hoja mbovu

“Wilaya zote za Mkoa wa Rukwa ziko Tanzania. Nkasi iko Tanzania. Kwa hiyo Nkasi iko Mkoa wa Rukwa.” Yote matatu ni kweli, kamuulize yeyote pale Namanyere, makao makuu ya Nkasi. Lakini ondoa Nkasi, weka Moshi: ghafla Moshi imehamia Rukwa! Hicho ndicho kipimo, na kwangu hakuna kitamu kuliko hiki: acha mifupa ya hoja, badilisha majina. Ukipata mfano mmoja tu wenye mwanzo wa kweli na mwisho wa uongo, hoja yote imeanguka, hata kama mingine elfu ilipita salama.

Kati ya 256, zimepona 24

Aristotle wa Ugiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo, ndiye aliyeanza kuzipanga hoja za kauli mbili na hitimisho. Wanazuoni wa baadaye wakahesabu maumbo 256. Yaliyokubaliwa kuwa halali ni 24. Mwaga maharage 256 kwenye ungo, upepete, ubaki na yasiyojaza kiganja.

Tanuru la Ufipa liliwaka bila mivukuto

Wahunzi wa Kifipa walijenga matanuru ya udongo, malungu, yenye kimo cha mita 3 hivi, marefu kuliko mlango wa nyumba. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, ikavutwa juu na joto, na mawe yakatoa chuma. Mivukuto ilingoja tanuru dogo la pili, la kusafishia chuma hicho.

Mgeni angeweza kusema: “Ukivukuta, moto unakuwa mkali. Hawa hawakuvukuta. Basi moto wao haukuwa mkali.” Inasikika sawasawa, sivyo? Lakini kauli ya kwanza haikusema kuvukuta ndiyo njia pekee. Mtego huu umenasa watu wengi wenye akili zao, na jibu lake lilijengwa kwa udongo: baadhi ya malungu bado yamesimama mashambani huko Ufipa.