Hofu Huutembeza Ugonjwa



Wengi wetu twajua kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viini. Ni kweli, lakini viini havina miguu. Hutembezwa na watu, na watu wenye hofu huvitembeza mbali zaidi. Hebu tutazame yaliyowapata majirani zetu wa mashariki ya Kongo.

Ebola ya Kivu Kaskazini

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Ilipokwisha, Juni 2020, watu zaidi ya 3,400 walikuwa wameugua, na zaidi ya 2,200 kati yao wamekufa. Na safari hii chanjo ilikuwapo! Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Mbona basi ugonjwa ulikaa karibu miaka miwili?

Watu hawa walikuwa wamechoka. Upande wa Beni, raia walikuwa wakiuawa na watu wenye silaha tangu mwaka wa 2014, na wengi walikuwa wameacha mashamba yao. Msaada waliopata ulikuwa mdogo. Ebola ilipoingia, magari na wageni wakajaa mara moja. Wenyeji wakauliza, mbona tulipokuwa tukiuawa hamkuja? Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Uvumi ukaenea ati Ebola ni siasa, ati ni biashara. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa.

Hofu inaenezaje ugonjwa?

Ebola humpata mtu anayegusa damu, matapishi, kinyesi au majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Sasa fikirini: mama anaugua. Watoto wake wanaogopa kituo, basi wanamficha nyumbani, na yule anayemwosha anaambukizwa. Akizidiwa wanampeleka dispensari kwa siri. Huko wanadhani ni malaria, kwa kuwa mwanzoni yafanana, na wengine wanaambukizwa hapo. Akifa, wanamwosha na kumzika kimyakimya. Mgonjwa mmoja amekuwa kumi.

Tusiseme watoto hao ni wajinga. Wanampenda mama yao, na hawajapata sababu ya kumwamini mgeni.

Ni nini kilichosaidia? Huko Beni walitumia vyumba vya plastiki ya kuonea, jamaa akaweza kumwona mgonjwa wake na kuongea naye bila kumgusa. Tena waliopona waliajiriwa kutunza watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Watu wakaona kwa macho yao kwamba mtu huingia na kutoka mzima.

Kikundi chenu kifanye nini?

1. Msingoje ugonjwa uingie. Mwalikeni mhudumu wa afya mkutanoni sasa, mumjue naye awajue.

2. Uvumi ukizuka, msimcheke mtu. Mwulizeni anaogopa nini, mpeleke swali lake kliniki, mrudi na jibu.

3. Msiitenge nyumba yenye mgonjwa kana kwamba ina laana. Pelekeni unga, maji na kuni, mviache mlangoni. Palilieni shamba lao. Mama anayejua kwamba watoto wake watakula hatakataa kwenda hospitali.

4. Mkikatazwa kuosha maiti, kubalini, lakini ombeni jamaa na mchungaji wawepo kwa umbali, maombi yafanywe, na marehemu azikwe kwa heshima.

Kazi hii haihitaji pesa nyingi, lakini haiwezi kuanzishwa siku ambayo watu tayari wamefunga milango.

Swali la kujadiliana mkutanoni: Kipindupindu kikiingia kijijini kwetu leo, ni nani angeogopa kusema kwamba anaharisha? Anaogopa nini, na sisi tumechangiaje hofu hiyo?